Hati Kwanza, Mkono Baadaye

Kulikuwa na nchi, na kwa kuwa nchi ziko nyingi, tafadhali msinikabe koo niwaambie ni ipi. Wenyewe waliiita Salamani. Ilikuwa na bendera, ilikuwa na wimbo, ilikuwa na Waziri wa Maafa na Mapambo, na ilikuwa na mvua za masika zisizo na adabu hata chembe. Kila mwaka ziliingia majumbani bila hodi, zikalala humo zikitaka, zikatoka zimeacha kuta zimevimba na watu wanaanika magodoro juu ya mapaa.

Sasa mwaka ninaousimulia, mvua zilikosea njia zikaingia kwa Mheshimiwa Waziri mwenyewe. Akaitwa fundi wa kurekebisha dari. Fundi kapanda ngazi, kagusa ubao uliolowa, ubao huo ukashuka na tope lake lote juu ya suti ya Mheshimiwa, naye ndiyo kwanza anatoka kwenda kuhutubia mkutano wa maafa. Waziri akauliza, "Nani atanilipia suti?" Fundi akasema, "Pole, mzee." Basi pole ile haikutosha, na sheria ikatungwa.

Na mimi nasema ilikuwa sheria nzuri. Hebu fikirini wenyewe: fundi amekuja kukutengenezea nyumba iliyoharibika, akakuvunjia na ile iliyobaki, utamdai nini? Mwiko wake? Afadhali awe na bima. Tena mafundi wenyewe waliposikia walipiga makofi. Tatizo, kama kweli ni tatizo, lilikuwa dogo tu. Rasimu ilisema "mkandarasi yeyote," lakini Mheshimiwa alipoisoma akaona haina uzito mdomoni. Akaifuta, akaandika kwa mkono wake: "Ni marufuku mkono wowote kugusa nyumba iliyoharibiwa na maji, moto au upepo, mpaka mwenye mkono aonyeshe hati ya bima." Akaisoma kwa sauti mbele ya kioo, akaipenda.

*

Katika mtaa wa Bondeni aliishi Fundi Vuai, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya nyumba zilizopatwa na maafa. Maji yakishatoka, anaitwa Vuai. Anabandua lipu iliyolowa, anaegemeza kuta kwa magogo, anaacha nyumba ipumue mpaka ikauke, ndipo anaanza kujenga upya. Alikuwa mtu mpole, mwoga wa maneno, na mbele ya mtu mwenye kalamu mfukoni alikuwa akivua kofia bila kuambiwa.

Ulimwenguni alikuwa na dada mmoja, Bi Zuwena. Mama yao alifariki Vuai akiwa bado anatambaa, na Zuwena, msichana mdogo tu, ndiye aliyembeba mgongoni huku akikaanga maandazi. Maandazi hayo ndiyo yaliyomsomesha, ndiyo yaliyomnunulia mwiko wa kwanza, na ndiyo yaliyojenga ile nyumba ya Bi Zuwena pale Bondeni, chumba baada ya chumba. Vuai mpaka anaota mvi alikuwa hawezi kupita nje ya nyumba ile bila kuingia kula andazi, na dada yake mpaka uzeeni alikuwa bado anamfuta mdomo kwa ncha ya kanga, watu wanatazama.

Maji ya masika yalipotoka kwa Bi Zuwena, ukuta wa jikoni ulikuwa umefanya tumbo. Vuai akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, uso ukambadilika.

"Dada, hama. Njoo kwangu, leo hii."

"Kwako wapi, Vuai? Wewe na mkeo na watoto mnalala kwa zamu, mimi mnitundike msumarini?"

"Basi niuegemeze. Magogo ninayo, ni kazi ya mchana mmoja."

"Hayo sasa ndiyo maneno. Egemeza, mimi nakukaangia."

Hakuwa amelaza hata gogo moja chini, akatokea Bwana Kisaka. Huyu alikuwa mkaguzi wa Mamlaka ya Kinga na Dhamana, kijana nadhifu, mwenye viatu ambavyo tope la Bondeni lilikuwa halijawahi kuvipata.

"Fundi, umeugusa ukuta huo?"

"Nimeugonga tu, bwana. Kuusikiliza."

"Kwa mkono?"

Vuai akautazama mkono wake. Akavua kofia.

"Safari hii nakusamehe," akasema Kisaka, na kwa haki ya Mungu alisema kwa upole. "Kachukue hati kwanza. Ukishaipata, shikashika unavyotaka."

*

Ofisi ya Mamlaka ilikuwa na foleni iliyotoka nje, ikazunguka jengo, ikaingia tena kwa mlango wa nyuma, maana sheria ilisema mkono wowote, na Wasalamani wote, Alhamdulillahi, walikuwa na mikono. Vuai akafika dirishani.

"Umewahi kukarabati nyumba iliyoharibika?" akaulizwa.

"Ndiyo kazi yangu, bwana, tangu sijaota ndevu."

"Ukiwa na bima?"

"Bima ilikuwa haijaletwa."

"Basi hujawahi. Kazi isiyo na bima hiyo ni ajali iliyochelewa kutokea. Lete ushahidi wa nyumba moja uliyoikarabati ukiwa na bima, tukupe bima."

"Na bima ya kuikarabatia nyumba hiyo nitaipataje?"

"Kwa kuleta ushahidi." Karani akatabasamu. "Unaona sasa? Hakuna mlango tuliokufungia."

Asidhulumiwe lakini, akapewa stakabadhi yenye muhuri, kuonyesha kwamba ameomba. Kila aliyepanga foleni alipewa yake. Nchi nzima ikawa na stakabadhi, wala sijasikia aliyewahi kuiona hati yenyewe.

Na ili wananchi wasije wakasahau, redio ikaanzisha Zoezi la Mfuko. Taarifa ya habari ikiisha, filimbi inalia, kisha sauti nzito inasema: "Hati kwanza!" Wananchi wote popote walipo wanaitikia, "Mkono baadaye!" huku wakijigusa mfukoni. Mwenye stakabadhi anasema, "Ninayo!" Asiye nayo anatoka mbio kwenda kuichukua nyumbani, na hatulii mpaka arudi nayo. Kinyozi anaacha kichwa nusu. Bwana harusi anamwacha bibi harusi. Mitaa ikashindanishwa, na Bondeni, nasema kwa fahari, ndiyo iliyochukua kombe. Vuai mwenyewe alipewa ndoo ya plastiki kwa mbio zake.

Bi Zuwena alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanamume mzima na mvi zako, unakimbia kama umechokoza nyuki! Hivi mngeambiwa mwende na choo chenu mkononi, mngebeba?"

"Dada, nyamaza, watakusikia."

"Wanisikie. Mimi nina unga wa kukanda."

*

Ukuta ulizidi kuvimba. Vuai alikuwa akipita kila alasiri, anasimama uani, anaunyooshea mkono karibu uguse, kisha anaurudisha. Alirudi Mamlaka akavua kofia, akarudi tena akavua kofia, na kila alipoeleza habari ya dada yake makarani walimwonea huruma kabisa, mmoja mpaka akatokwa na machozi, akafuta kwa karatasi ya ofisi, kisha akamwomba asogee mwenzake ahudumiwe.

Ikaja habari kwamba Mheshimiwa Waziri atatembelea Bondeni kuona maendeleo ya waliopatwa na maafa. Maendeleo hayakuwepo, kwa hiyo ikaletwa rangi. Lori zima la rangi ya mafuta, bure. Bwana Kisaka akasimama juu ya pipa, akafafanua kwamba kupaka rangi si ukarabati. Kupaka rangi ni pambo, na sheria ya bima haihusu pambo.

Vuai alijua vyema rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye maji inafanya nini. Inaufunga. Maji yanakosa pa kutokea, yanabaki ndani yanautafuna udongo. Alimwambia dada yake hivyo hivyo, bila kumficha.

Bi Zuwena akautazama ukuta wake uliojaa madoa. "Na usipopaka?"

"Usipopakwa, utachelewa kidogo."

"Kuanguka?"

Vuai akaitikia kwa kichwa.

"Basi hata kuangalia nisiangalie kitu kizuri? Ipakwe, mdogo wangu. Ile ya rangi ya kitunguu. Tangu nijenge nyumba hii nimeitamani rangi ya kitunguu."

Na Vuai akapaka. Wako waliomlaumu baadaye, na yeye mwenyewe alijilaumu kuliko wote. Lakini mikono ile ilikuwa imekaa muda mrefu haina ruhusa ya kumfanyia dada yake kitu chochote, na hili lilikuwa limeruhusiwa. Alipaka polepole, mkono mmoja wa rangi juu ya mwingine, pembe zote, na nyuma ya mlango ambako Waziri asingeona. Dada yake alikaa kwenye kigoda anamwelekeza, akimwimbia zile nyimbo za kumbembelezea utotoni ili amuudhi. Vuai akasema baadaye kwamba siku ile alikuwa na furaha, na kwamba hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mheshimiwa akaja. Akasimama mbele ya ukuta wa rangi ya kitunguu, kamera zikamkaribia.

"Ndugu wananchi! Wapinzani wetu walisema Bondeni ni mgonjwa. Natazama hapa, sioni mgonjwa. Naona afya! Naona uso uliopakwa poda! Natangaza rasmi kwamba nyumba hii imepona!"

Makofi yakapigwa. Bwana Kisaka akaandika: imepona.

Vuai aliyarudia maneno hayo kimoyomoyo. Alikuwa ameona kitu. Msafara ulipoondoka tu, akamkimbilia Kisaka.

"Bwana, kama nyumba imepona, basi haimo tena kwenye sheria. Si iliyoharibika. Naweza kuiegemeza, au siyo?"

Kisaka akafikiri. Ninawaambia alifikiri kweli, kwani hakuwa mtu mbaya, na alikuwa amekula maandazi ya Bi Zuwena asubuhi ileile.

"Fundi, nyumba iliyopona inaegemezwa ya nini? Ukiweka magogo pale, unawatangazia watu kwamba ni mgonjwa. Unamfanya Mheshimiwa mwongo." Akapunguza sauti. "Usifanye hivyo, tafadhali. Mimi nina watoto."

Vuai akavua kofia.

*

Ukuta ulianguka mchana, saa ya kukanda unga. Haukupiga kelele kubwa. Ulishuka kwa sauti nzito ya chini, kisha vumbi, kisha kuku wakapiga kelele.

Vuai alikuwa kwenye kona ya mtaa, anakuja kula andazi lake. Akafika mbio. Majirani nao wakatoka, mafundi wenzake, wauza samaki, wake kwa waume, mtaa mzima uliochukua kombe. Jiko halikuwepo. Palikuwa na lundo la udongo na mawe, na mabonge ya rangi ya kitunguu juu yake. Na chini ya lundo ikatoka sauti, ya kawaida kabisa, kama inayomwita mtu kutoka chumba cha pili.

"Vuai? Vuai, ni wewe? Niko hapa. Nimebanwa kifuani kidogo."

"Dada!" akalia Vuai, akainama, mikono yote miwili ikaelekea kwenye mawe.

Na hapo, kabla haijagusa, mkono wa kulia ukageuka ukajigusa mfukoni.

Mfuko ulikuwa mtupu. Stakabadhi ilikuwa katika shati jingine.

Sijui niwaelezeje ninyi ambao hamkuishi Salamani. Hakuna aliyeamrisha. Filimbi haikulia. Bwana Kisaka hakuwepo, alikuwa mjini anakula wali. Lakini Vuai aliinuka akatoka mbio kwenda nyumbani kwake, na majirani nao, kila mmoja kajigusa, mwenye nayo akabaki akimtazama asiye nayo, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugusa peke yake, na wenye nazo wakatoka mbio, wengine kuzitolea nakala, wengine kuwahimiza wasio nazo. Uwanja ukabaki mtupu.

Nyumbani Vuai alipindua sanduku. "Iko wapi? Shati langu la michirizi liko wapi?"

"Nimelifua," akasema mkewe. "Karatasi nimeiweka juu ya kabati. Kuna nini?"

"Dada kaangukiwa na ukuta!"

"Na umekuja kufanya nini huku?" mkewe akapiga kelele.

Swali lile lilimfikia Vuai akiwa tayari yuko nje, stakabadhi mkononi, anakimbia. Alilisikia njia nzima.

Walirudi wote, wanatweta, kila mmoja na karatasi yake. Sasa walichimba. Nani asema hawakuchimba? Walichimba karatasi zikiwa midomoni, kucha zikawatoka, Vuai akiyatupa mawe nyuma yake bila kutazama yanamwangukia nani, akiita dada, dada, dada. Walipomfikia Bi Zuwena alikuwa bado ana joto. Unga ulikuwa mikononi mwake, laini, haujakauka. Hakuwa na jeraha usoni hata moja. Vuai akamfuta udongo mdomoni kwa ncha ya kanga, na mtaa mzima ukaangua kilio.

Ng'ambo ya njia alikuwepo mtu mmoja ambaye hakukimbia. Mzee Kitwana, miguu yake ilikufa zamani, hushinda kibarazani kwenye kiti chake mpaka waje kumwingiza. Vuai akaenda akapiga magoti mbele yake.

"Alisema kitu, mzee?"

"Mwache dada yako apumzike."

"Alisema nini?"

Mzee Kitwana alikuwa akilia na yeye. "Aliita. Aliuliza, 'Kitwana, mbona kimya, wamekwenda wapi?' Nikamwambia wamefuata karatasi zao. Halafu akacheka, Vuai. Wallahi nilimsikia akicheka. Akasema, 'Haya. Waambie wasikimbie sana, wataanguka.' Nikajitupa chini nije kwa kujiburura. Nilifika hapo kwenye mfereji. Hakusema tena."

*

Mazishi yalikuwa asubuhi yake, na yalihudhuriwa na Serikali. Mheshimiwa Waziri alisimama kando ya kaburi katika suti mpya.

"Ndugu wafiwa! Nimeletewa taarifa, nimesisimka mwili. Ukuta umeanguka, na hakuna mkono hata mmoja, narudia, hata mmoja, uliogusa kabla ya kuwa na karatasi! Mataifa makubwa yangeweza hilo? Marehemu ametutoka, lakini ametuachia mtaa wenye nidhamu!"

Akakohoa, akaendelea kwamba Serikali yake haina moyo wa jiwe. Mamlaka ilikuwa imekaa usiku ikaamua kwamba, kwa kuwa uchimbaji ule ulifanywa na watu wenye stakabadhi, basi unahesabika kuwa ukarabati chini ya bima. Ushahidi uliokuwa ukitafutwa umepatikana. Akamwita Fundi Vuai mbele, akamkabidhi hati ya bima, ya kwanza katika Jamhuri ya Salamani, yenye muhuri wa dhahabu. Watu wakaanza kupiga makofi, wakakumbuka walipo, wakaacha.

Vuai aliipokea. Alivua kofia. Aliikunja akaitia mfukoni, kwani hakujua afanye nini kingine nayo.

Bwana Kisaka alikuwa amesimama nyuma kabisa, viatu vyake vimejaa tope, haangalii mtu.

Basi akateremshwa Bi Zuwena, akalazwa, akafunikwa kwa mbao. Sheikh akawageukia watu akasema, "Haya jamaa, mtieni dada yetu mchanga."

Watu wakainama. Na wote, Mungu ni shahidi wangu, wote waliokuwa wamezunguka lile kaburi, kabla ya kuugusa mchanga, walijigusa mfukoni.

Sheikh alishika kichwa. Mmoja mmoja wakajiona, wakautoa mkono haraka, wengine wakaanza kulia upya. Vuai pekee ndiye aliyebaki vile vile, ameinama, mkono umeishikilia ile hati kifuani, hautoki. Alijaribu kuutoa. Watu walimwona akijaribu.

Mzee Kitwana alikuwa amebebwa pamoja na kiti chake mpaka kaburini. Akasema wamsogeze. Akamshika Vuai kifundo cha mkono, akautoa polepole, akamfungua vidole kimoja kimoja, akamjaza mchanga.

"Mtie, mwanangu. Hapa hakuna anayeuliza."

Vuai akamtazama. "Na jana, mzee? Jana alikuwepo anayeuliza?"

Mzee Kitwana akatupa jicho njiani. Mheshimiwa Waziri alikuwa ameshaanza kurudi kwenye gari.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Jana pia hakuwepo mtu."

Vuai akafungua mkono, mchanga ukashuka.